Ngiri wa Angani

Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kinyume cha maneno hayo hakikutungiwa methali, lakini kimejaa ulimwenguni. Viko vitu ambavyo kwa nje ni vipande vya miti, na uzuri wake wote umekaa ndani. Jembe la mpini uliochakaa, chungu kilichopakwa masizi na miaka, na mkono wa mvuvi uliojaa sugu ni jamaa wa mlango huo. Mtu havipendi vitu hivyo kwa kuvitazama. Huvipenda kwa kukaa navyo, na huvipenda zaidi kwa kuwa vilimfaa siku ambayo vitu vya fahari havikuonekana. Mapenzi ya namna hii huchelewa kuanza, lakini huchelewa vile vile kwisha.

Katika vyombo vya vita vya karne ya 20, kimoja kimepata mapenzi hayo kwa kadiri ya kustaajabisha. Ni eropleni ya Kimarekani iitwayo A-10, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei, 1972. Kazi yake si kupigana na ndege nyingine mawinguni, wala si kuchukua mabomu mazito ya kutupia miji ya mbali. Kazi yake ni kushuka chini, karibu na vilele vya miti, kumsaidia askari wa miguu aliyezidiwa na adui. Jina lake la heshima ni Thunderbolt II, yaani Radi ya Pili, na jina hilo ni urithi wa ndege nyingine iliyosifika katika Vita Kuu ya Pili. Lakini majina ya heshima hutolewa siku za sherehe, na majina ya kweli hutolewa siku za kazi. Marubani na mafundi wa ndege hii waliitazama vizuri, wakalisahau jina la radi, wakaiita Warthog. Mnyama huyo kwa Kiswahili ni ngiri.

Amjuaye ngiri wa mbuga za Afrika ya Mashariki hahitaji maelezo marefu. Kichwa chake ni kikubwa kuliko haki ya mwili wake. Uso umejaa vinundu. Meno yamechomoza nje ya midomo, na mkia husimama wima kila akimbiapo. Hupiga magoti akila majani. Aingiapo shimoni hutanguliza nyuma, ili meno yabaki yakiutazama mlango. Si rahisi kumpata mshairi aliyemfananisha mpenzi wake na ngiri. Hata hivyo, simba na chui humwendea kwa hadhari, kwa sababu ubaya wa sura yake umeambatana na ushupavu wa moyo. Ndege iliyopewa jina lake ina pua butu yenye mdomo wa bunduki uliochomoza kama jino. Ina mabawa manene yaliyonyooka kama mbao, wakati ambapo ndege za rika lake zilikuwa na mabawa yaliyolala nyuma kwa madaha. Injini zake mbili zimepachikwa juu, kwa nyuma, mithili ya mizigo iliyosahauliwa na wachukuzi. Mtu aionapo mara ya kwanza hudhani kuwa imeundwa kwa mabaki ya ndege tatu au nne zilizokwisha vunjwa.

Kiswahili nacho kilikwisha fanya jambo la jinsi hii zamani. Gari la vita lililovikwa chuma, lenye mzinga juu yake na minyororo chini yake, Waswahili waliliita kifaru, wala hakuna aliyeuliza sababu. Basi bila ya mapatano yoyote baina ya lugha mbili, wanyama wa mbuga moja walikutana katika uwanja wa vita. Ngiri aliundwa ili amwinde kifaru. Mbugani jambo hilo ni muhali. Katika vita lilikuwa shauri lililoandikwa, likapigiwa hesabu na kulipiwa fedha.

Asili ya shauri hilo ni fundisho chungu la vita vya Vietnam. Katika miaka ya 1960 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na ndege za mwendo wa kasi mno. Askari wa miguu aliyebanwa msituni au katika mashamba ya mpunga alipoomba msaada, ndege hizo zilikuja kama umeme na kupita kama umeme. Rubani hakupata nafasi ya kumtenga adui na rafiki, na mafuta yake hayakumruhusu kungoja. Iliyofaa zaidi ilikuwa ndege ya zamani yenye rafadha puani, Skyraider, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1945. Ilikwenda polepole, ilichukua silaha nyingi, ilikaa juu ya mapigano kwa saa nyingi, na ilivumilia risasi. Lakini ilikuwa ikizeeka, na idadi yake ilikuwa ikipungua. Ilitakiwa nyingine yenye tabia zile zile na nguvu zaidi. Kampuni mbili, Northrop na Fairchild Republic, ziliunda kila moja ndege yake. Ndege hizo zikashindanishwa mwaka 1972. Na mwezi wa Januari, 1973, ndege ya Fairchild Republic ikatangazwa kuwa imeshinda. Hata ilipofika mwaka 1984, uundaji ulipokoma, zilikuwa zimekwisha undwa zaidi ya 700. Adui aliyetazamiwa wakati huo alikuwa vifaru vya Urusi, kama vingepata kumiminika katika tambarare za Ujerumani.

Desturi ya wahandisi ni kuunda ndege kwanza, kisha kuitafutia bunduki. Hapa desturi ilipinduliwa. Bunduki ya Ngiri ina mitutu 7 izungukayo, na unene wa risasi yake ni milimita 30. Pamoja na pipa lake la risasi ina urefu wa karibu mita 6, yaani hushinda motokaa. Hufyatua risasi 3,900 kwa dakika, ambazo ni 65 kwa kila sekunde. Ghala lake huchukua risasi 1,174, kwa hiyo rubani angebana kifyatulio bila ya kukiachia, risasi zote zingekwisha kabla ya kutimia sekunde 20. Bunduki hiyo imelazwa kando kidogo, ili mtutu ufyatuao uwe katikati ya ndege barabara, na gurudumu la mbele likasogezwa upande kuipisha. Katika nyumba hii bunduki ndiyo mwenye nyumba, na vitu vingine vyote ni wapangaji.

Lakini kama ingekuwa bunduki peke yake, ndege hii ingeogopwa tu, isingependwa. Iliyoleta mapenzi ni fikira ya pili. Ndege nyingi za vita huundwa kwa matumaini ya kutopigwa. Hii iliundwa kwa kukiri kuwa itapigwa. Rubani amewekwa ndani ya deraya ya madini ya titani yenye uzito wa kilo 540 hivi, na umbo lake limewafanya Wamarekani waiite hodhi la kuogea. Injini zimepandishwa juu ili zisimeze mawe na mavumbi ya viwanja vibovu, nazo zimetengana ili pigo moja lisiziue zote mbili. Mikia miwili huusitiri moto wao. Magurudumu makubwa hayafichiki yote yanapokunjwa. Hubaki yamechungulia nje, ndege ipate kutua juu yake hata yakikataa kushuka. Vipande vingi vya upande wa kushoto hufaa upande wa kulia, ili fundi aliye mbali na ghala aweze kumvua maiti na kumvika mgonjwa. Usukani nao husukumwa kwa mafuta yapitayo katika njia mbili. Moja ikikatika, ya pili hufanya kazi. Zote mbili zikikatika, ipo ya tatu, nayo ni ya kikale kupita zote: nyaya za chuma zitokazo katika usukani, na nguvu ya mikono ya mtu.

Njia hiyo ya tatu ilipata mtihani wake mkubwa tarehe 7 Aprili, 2003. Siku hiyo Kapteni Kim Campbell, rubani mwanamke, alikuwa juu ya mji wa Baghdad akiwasaidia askari wa Kimarekani walioshambuliwa karibu na mto wa Tigris. Alipokwisha kupiga, akageuka kuondoka, ndege yake ikapigwa mkiani kutoka chini. Ikalala upande wa kushoto, ikauelekeza uso wake katika mji, na usukani ukakataa amri. Mafuta ya kuusukuma yalikuwa yamevuja yote. Kujitupa kwa mwavuli kulikuwa ni kujikabidhi kwa watu ambao dakika moja kabla alikuwa akiwapiga. Campbell akabonyeza swichi ya kuukabidhi usukani kwa zile nyaya, na ndege ikainua pua yake. Kwa muda wa saa nzima hivi aliiendesha kwa mikono hata Kuwait, na mwenzake katika ndege ya pili akimsindikiza. Kutua kwa namna hiyo ni hatari kuliko kwenda kwa namna hiyo, lakini alitua salama. Mafundi walipoizunguka ndege yake waliona mamia ya matundu katika mkia na ubavu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na katika kusimuliwa sifa hugawanywa baina ya mtu na chombo. Mgawanyo huo ni wa haki, ila umemsahau mshirika wa tatu. Yapata miaka 30 kabla ya siku ile, mhandisi fulani alikaa mbele ya karatasi zake, akajiuliza: Njia zote mbili zikikatika, itakuwaje? Swali hilo halikuongeza mwendo wa ndege wala halikupamba umbo lake. Liliongeza uzito, na uzito ni adui wa kila kirukacho. Lakini aliyeuliza aliuona uso wa mtu asiyemjua, akiwa peke yake angani, na akakataa kumwacha bila ya njia. Huko ndiko uliko uzuri wa Ngiri, na ndiyo sababu jicho halikuweza kuuona kwa mtazamo mmoja.

Wapenzi wake wa pili ni wale wa chini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na thamani ya ndege hii aijuaye ni askari aliyelala nyuma ya ukuta wa udongo katika bonde la Afghanistan, risasi zikiung'oa ukuta kipande kwa kipande. Mtu huyo haulizi mwendo wa ndege wala bei yake. Anataka kitu kimoja: kitakachokuja, kimtafute, kimwone, na kikae naye mpaka mambo yatulie. Ngiri hakuwa na haraka. Mwendo wake mkubwa ni kilomita 700 hivi kwa saa, ambao kwa ndege ya vita ni mwendo wa mzee. Lakini kwa ajili ya uzee huo aliweza kuzunguka juu ya bonde moja kwa muda mrefu, akigeuka katika nafasi ndogo, akishuka chini ya mawingu ambayo wengine walikaa juu yake. Kisha ulikuja mlio wake. Risasi 65 katika sekunde moja hazisikilizani kama mapigo. Huungana zikawa mngurumo mmoja mzito, kama turubali kubwa lipasuliwalo na mikono ya jitu. Askari wengi wamesimulia kuwa baada ya mlio huo bunduki za adui zilinyamaza, wakainua vichwa vyao, wakajikuta wazima. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tangu hapo mlio huo ukawa kwao kama sauti ya mtu wa nyumbani. Umenaswa katika mitambo, umesambazwa duniani, na watu ambao hawakuvaa sare hata siku moja huuigiza kwa midomo na kucheka.

Ajabu ni kwamba wale waliotaka kuiondoa hawakuwa maadui zake, bali wenye mali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakuu wa Jeshi la Anga walikuwa wakitafuta njia ya kuiachia nafasi ndege ya kasi. Ikaja vita ya Ghuba ya mwaka 1991, na kwa hesabu za Wamarekani wenyewe Ngiri waliharibu vifaru zaidi ya 900 vya Iraq. Maneno ya kuwaondoa yakafifia. Mwaka 2014 yakarudi: Wizara ya Ulinzi ilitaka kuzistaafisha zote ili kuokoa dola bilioni 3.5 katika miaka 5. Bunge likakataa, likakataa tena mwaka uliofuata, na hata mabawa mapya yakatengenezewa ndege 173, kazi iliyokwisha mwaka 2019. Mwaka 2023 Jeshi likaruhusiwa kuanza kupunguza, na mwaka 2025 likaomba kuziondoa zote 162 zilizosalia kabla ya kwisha mwaka wa fedha wa 2026. Si kawaida kwa chombo cha vita kuhukumiwa kufa mara nyingi kiasi hiki na kuchelewa kiasi hiki kufa.

Ni rahisi kusema kuwa wakuu hao walidanganywa na upya, kwa maana kipya kinyemi, kingawa kidonda. Lakini haki yataka hoja zao zisikilizwe, nazo si za kipuuzi. Makombora ya kutungulia ndege ya leo si mizinga ya mwaka 1972. Ndege ya polepole ikiingia mbele ya jeshi lenye silaha hizo haitarudi, hata kama rubani wake amekaa ndani ya hodhi. Mabomu yanayoongozwa kwa setilaiti yameziwezesha ndege za juu kufanya kazi ambayo zamani ilitaka jicho la karibu, na katika vita vya Afghanistan sehemu kubwa ya misaada kwa askari wa miguu ilitoka kwa ndege za aina nyingine. Wala watetezi wa Ngiri Bungeni hawakuwa wote na mapenzi matupu. Wengine walitoka katika majimbo yenye viwanja vya ndege hizo, na uwanja ni kazi, na kazi ni kura. Katika mambo ya serikali, shukrani na manufaa hulala kitanda kimoja, na si rahisi kujua ni ipi iliyovuta shuka.

Hata hivyo ubishi huu wote, wa bei na mwendo na makombora, umepita kando ya swali lililo zito zaidi. Swali hilo limo ndani ya mlio wenyewe. Risasi za bunduki hii hutoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 1,000 kwa sekunde, na sauti katika hewa haifikii hata nusu ya mwendo huo. Maana yake ni kuwa risasi hutangulia na mlio hufuata. Aliyelengwa hausikii. Auskiaye ni aliyekosewa, au aliyeokolewa, au aliyesimama mbali akitazama. Basi kila aupendaye mlio wa Ngiri ni mtu aliyesalimika, na sifa zote za ndege hii zimetolewa na mashahidi wa upande mmoja wa mtutu. Wa upande wa pili hawakuitwa kutoa ushahidi, na wengi wao hawawezi tena kuitwa.

Na katika hao wa upande wa pili wamo ambao hawakuwa maadui. Tarehe 6 Desemba, 2003, katika kijiji cha Hutala, jimbo la Ghazni nchini Afghanistan, Ngiri alitumwa kumwinda mtu mmoja aliyetuhumiwa. Waliokutwa wamekufa uwanjani ni watoto 9. Mwaka huo huo, tarehe 28 Machi, Ngiri wawili waliyashambulia magari ya deraya ya Waingereza karibu na Basra. Magari hayo yalikuwa yametandikwa juu yake vitambaa vya rangi ya machungwa ili yatambuliwe na rafiki. Marubani waliiona rangi hiyo, wakajisadikisha kuwa ni makombora, wakapiga. Askari mmoja wa Kiingereza, Matty Hull, akafa, na wenzake wakajeruhiwa. Maneno ya marubani yalikuwa yamenaswa, na yalipotoka hadharani mwaka 2007, dunia ilisikia jinsi sauti zao zilivyovunjika kwa majuto walipoambiwa ni nani waliyempiga. Asubuhi ya tarehe 4 Septemba, 2006, karibu na Kandahar, askari wa Kanada walikuwa wamewasha moto wa kuchomea takataka. Rubani aliudhani kuwa ni moshi wa shabaha aliyotakiwa kuipiga. Aliyekufa hapo ni Mark Anthony Graham, aliyepata kuikimbilia nchi yake katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1992, na zaidi ya watu 30 wakaumia.

Visa hivi vyasumbua fikira kuliko vifo vingine vya vita, kwa sababu vinaigusa sifa ile ile iliyofanya ndege hii ipendwe. Ilisifiwa kuwa hukaribia, huenda polepole, na hutazama. Ni kweli hukaribia. Ni kweli huenda polepole. Lakini jicho ni la mtu, na mtu huona alichokwisha kukitazamia. Hodhi la titani laweza kuizuia risasi isimfikie rubani, ila haliwezi kuizuia dhana isimwingie. Mhandisi alijiuliza itakuwaje njia mbili za mafuta zikikatika, akaweka ya tatu. Hakuna aliyeweza kuweka njia ya tatu ya kuona.

Kuna na deni jingine ambalo haliishi siku ya vita. Ili risasi iweze kutoboa ngozi ya kifaru, moyo wake ulitengenezwa kwa urani iliyokwisha kamuliwa sehemu ya mnururisho wake. Ni madini mazito kuliko risasi ya kawaida, na hushika moto inapopenya chuma. Risasi hizo zilitumika Iraq mwaka 1991 na 2003, zikatumika Bosnia na Kosovo. Hekaheka zilipokwisha, vipande vyake na vumbi lake vilibaki katika ardhi ambayo wenyewe hawakuwa na nchi nyingine ya kuhamia. Wataalamu wamebishana sana juu ya kiasi cha madhara yake. Wenye mashamba hawakungoja mwisho wa ubishi, walilazimika kulima. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na wapiganapo ngiri na vifaru, methali haibadiliki.

Baada ya haya yote, mtu aweza kuuliza kama mapenzi ya silaha si dhambi. Jawabu haliko jepesi. Askari aliyeokolewa hadaiwi kuona haya kwa shukrani yake. Angekuwa mtu wa ajabu kama angeusikia mlio uliomrudishia maisha, asiupende. Mama yake naye, asiyejua tofauti ya injini na bawa, anayo haki ya kuibariki ndege hiyo. Lakini shukrani ni mali ya aliyefadhiliwa, nayo haihamishiki. Aichukuaye na kuivaa bila ya kuwa amelala nyuma ya ukuta ule amevaa nguo isiyo yake, na hapo ndipo shukrani hugeuka ushabiki. Mtu wa kwanza huupenda mlio kwa kuwa alisikia kimya kilichoufuata na akajua kuwa yu hai. Wa pili huupenda mlio wenyewe. Huyo apaswa kukumbushwa kuwa katika bonde lile lile alikuwako mtu ambaye hakuusikia kabisa, na pengine mtu huyo alikuwa mtoto.

Kwa hiyo kinachostahili kudumu katika Ngiri si chuma chake wala bunduki yake. Ni ile fikira iliyowaongoza waundaji wake kabla ya kukata bati la kwanza: kwamba chombo hupimwa na mtu aliye katika dhiki, wala hakipimwi na mtu aliye katika jukwaa la maonyesho, kwamba uzito wa kumlinda mtu si uzito wa bure, kwamba fundi aliye mbali na ghala naye ni mtu wa kufikiriwa. Fikira hiyo ingeweza kuunda jahazi, gari la wagonjwa, daraja au shule. Ni msiba wa wanadamu kwamba mara nyingi fikira zao njema kabisa hutafutiwa fedha kwanza pale zinapoundia kitu cha kuulia.

Karibu na mji wa Tucson, katika jangwa la Arizona, uko uwanja wa ndege wa Davis-Monthan. Hapo ndipo walipopokelewa Ngiri wa kwanza kuingia kazini mwaka 1976, na hapo ndipo marubani wengi waliposomea ndege hii. Kando ya uwanja huo huo, mahali ambapo hewa ni kavu na kutu haina nguvu, ndege zilizostaafu hupangwa safu kwa safu. Ngiri wamekuwa wakiletwa hapo mmoja baada ya mwingine, na mafundi wamekuwa wakiwatoa viungo ili kuwatibu wenzao waliobaki hewani. Kwa chombo kilichoundwa ili kushoto kifae kulia, huo si mwisho wa aibu. Hufaa hata kikiwa maiti.

Siku wa mwisho atakapozima injini zake, wapenzi watalia na wahasibu watapumua. Ndege nyingine, ya kasi zaidi na nzuri zaidi wa sura, itapewa kazi yake, au itapewa mashine isiyo na mtu ndani. Hapana ubaya, kwa maana kila chombo kina siku zake. Lakini mtu aliyebanwa nyuma ya ukuta hatakuwa amebadilika, na mtoto achezaye uwanjani hatakuwa amebadilika. Wa kwanza atauliza kama yuko atakayekuja. Wa pili hajui kuuliza, na ni wajibu wa wengine kumuulizia kama huyo ajaye atatazama kabla ya kupiga.